Brokoli si Mtihani wa Kiingereza

Simama mbele ya meza za mboga katika soko la Kisutu, katikati ya Dar es Salaam, usikilize. "Dada, brokoli hii imeingia leo asubuhi. Zukini unachukua? Nikuwekee na liki?" Muuzaji hasiti, wala hamwangalii mteja usoni kuona kama amekosea kutamka. Majina hayo ni yake kama mafungu yaliyo mezani. Sasa ingia supamaketi yoyote mjini. Mteja aliyesoma mpaka chuo kikuu anasimama mbele ya jokofu lenye mboga zilezile, anasoma kibandiko, anageuka kutazama nani yuko nyuma yake, kisha anamwambia mhudumu: "Naomba hii ya kijani hapa." Amenyoosha kidole kwa sababu anaogopa kutamka.

Rahisi kusema kwamba huyu wa pili ana haya tu, zitamwisha. Mimi naona jambo zito zaidi. Jina la mboga lilimfikia muuzaji wa Kisutu kwa sikio. Alilisikia kwa mkulima au kwa dalali, akalirudia, mteja akamwelewa, biashara ikaendelea. Mteja wa supamaketi alikutana nalo kwa jicho, likiwa limeandikwa kwa tahajia ya kigeni, na kichwani mwake hofu ya miaka yote ya shule ikaamka: hapa kuna jibu sahihi na jibu la kuchekwa. Majina ya mazao yanayotufikia siku hizi yanapitia kwenye karatasi kabla ya kupita kinywani, na hilo limeharibu kazi ambayo Kiswahili kilikuwa kinaifanya vizuri sana.

Chukua zukini. Kwenye kibandiko utaona zucchini, neno la Kitaliano, ambako herufi zile c, c na h zikifuatana husomwa kama k. Msomaji wa Kiswahili anajua tangu darasa la kwanza kwamba ch ni sauti ya chai na chungwa. Akisoma "zuchini" amefuata kanuni ya tahajia yake bila kosa hata moja. Kosa ni la aliyebandika neno la Kitaliano mbele ya Mswahili akategemea alisome kama Mtaliano. Na tunaomcheka msomaji huyo, kama tunavyofanya mara kwa mara kwenye video fupi zinazosambazwa simuni, tunamcheka kwa kuijua lugha yake.

Tazama jinsi kapu letu lilivyojaa zamani. Nanasi asili yake ni Amerika ya Kusini. Watupi wa Brazili walikuwa na neno lao, Wareno wakalisikia na kulitamka ananás, kisha wakaja nalo huku. Kuanzia Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1498 hadi Wareno waliponyang'anywa Ngome ya Yesu mwaka 1698 ni karne mbili, na katika kipindi kama hicho mtu wa Mombasa au Pate alikuwa na muda wa kutosha kusikia neno, kulipima kinywani na kulitengeneza. Irabu ya mwanzo ikadondoka. Mwishoni ikaongezwa nyingine, kwa sababu neno la Kiswahili haliishii kwenye konsonanti. Likawa nanasi, wingi wake mananasi, mmea wake mnanasi. Hakuna Mreno aliyesimama gatini kusahihisha. Papai na limau yalipita njia hiyohiyo.

Kutoka upande wa pili wa bahari likaja fenesi, ambalo pwani ya magharibi ya India huitwa phanas. Stafeli nalo lina safari ya ajabu kidogo. Sitaphal ya Wahindi ni lile tunda ambalo sisi tunaliita topetope. Jina lilipofika kwetu likamwangukia ndugu yake mkubwa mwenye miba laini na nyama chachu. Kuna walioona hilo ni kuchanganya mambo. Lakini nenda Zanzibar leo uombe stafeli, utaletewa stafeli. Jina limetulia kabisa.

Mara nyingine watu wa pwani hawakuchukua neno la kigeni hata kidogo. Lile tunda jekundu lenye nywele, ambalo kwa Kimalei ni rambutan kwa sababu rambut ni nywele, Waunguja wanaliita shokishoki. Ukilitamka mara mbili unaweza kuliona tunda lenyewe. Shelisheli, lile tunda la wanga linalochemshwa au kukaangwa, limebeba jina la visiwa. Doriani limebaki na jina lake la Kimalei, likiongezewa irabu tu. Njia tatu tofauti, na zote zilifanya kazi, kwa kuwa walioamua walikuwa watu wenye tunda mkononi na mnunuzi mbele yao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko milimani, mbali na bahari. Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, msimu wa matunda ukifika, pale Soni utakuta vijana na akina mama wana ndoo za plamsi na peasi. Sikiliza ile s. Kwa Kiingereza ni alama ya wingi: tunda moja halina s, mengi ndiyo yanayo. Aliyelisikia neno kwanza aliwasikia wenye mashamba wakitaja matunda mengi, maana nani hutaja plamsi moja akiwa na mti mzima? Akachukua neno pamoja na wingi wake, akalifunga kwa i, kisha akalitia kwenye ngeli yake mwenyewe: mapeasi matamu, peasi moja limeoza. Mwanafunzi wa Kiingereza atakwambia hapo kuna wingi juu ya wingi. Mimi naona muhuri wa sikio. Neno lililosomwa kwenye kibandiko lisingekuja na s hiyo, kwani kibandiko kingekuwa kimeandikwa umoja.

Na kwa nini peasi, wakati Kireno kilishatupa pera? Kwa sababu pera lilishachukuliwa. Kwa Wareno pera ni hilohilo peasi, lakini kwetu jina lilikwenda kwa tunda jingine kabisa, lile la mbegu nyingi tunalolila barabarani na kutengenezea jemu. Kule India magharibi nako tunda hilo huitwa peru, kwa hiyo huenda jina lilikuwa limeshahama kabla halijafika kwetu. Peasi lilipokuja karne nyingi baadaye, likakuta kiti kina mwenyewe, likatafuta kingine. Lugha haikupata hasara yoyote. Hakuna mtu Tanzania wala Kenya anayeagiza mapera akitarajia mapeasi.

Hata mkazo wa sauti una hadithi. Waingereza na Wataliano wenyewe hukaza silabi ya kwanza ya brokoli. Mswahili hukaza ya pili kutoka mwisho, bro-KO-li, kama anavyosema pa-ra-CHI-chi na bi-ri-NGA-nya. Nimewahi kusikia watu wakisahihishwa kwa hilo, tena mbele za watu, na msahihishaji akijiona amestaarabika. Anachosahihisha ni sheria inayotawala karibu maneno yote ya Kiswahili, ukiacha machache ya asili ya Kiarabu kama lazima. Anayesema bro-KO-li amelipa neno uraia. Anayelazimisha mkazo wa kwanza katikati ya sentensi ya Kiswahili anaacha kipande cha Kiingereza kikining'inia hapo.

Tena hao wenye Kiingereza tunaowaogopa wenyewe hawajakubaliana. Mboga ambayo Mmarekani anaiita zukini kwa jina la Kitaliano, Mwingereza anaiita kwa jina la Kifaransa. Biringanya kwa Mmarekani ni mmea wa yai, kwa Mwingereza ni neno la Kifaransa lililotoka Kikatalani lililotoka Kiarabu, na ukifuata mkondo huo mpaka juu utakuta chemchemi ileile iliyotupa sisi biringanya. Parachichi lilitoka Meksiko likiitwa ahuacatl kwa Kinawatli. Wahispania wakalifanya aguacate. Wafaransa wakalifanya avocat, neno ambalo kwao pia ni wakili, na kutoka kwao ndugu zetu wa Kongo wanasema avoka. Hakuna hata mmoja kati ya hao wote anayelitamka kama walivyolitamka wenyewe wa Meksiko. Usahihi tunaoutafuta kwa kuukunja uso haupo duniani.

Kiwi ni ushahidi mwingine. Tunda lenyewe ni la China. Mbegu zilipelekwa New Zealand mwaka 1904, na kwa miongo kadhaa liliitwa kwa jina la Kiingereza linaloitaja China. Mwaka 1959 kampuni ya Turners and Growers ya Auckland, ikitaka kuliuza Marekani, ikaona jina hilo halitauzika huko, ikalibatiza jina la ndege wa nchi yao. Ndivyo majina yanavyozaliwa: mtu ana kreti, ana soko, anatafuta neno. Muuzaji wa gengeni ana haki hiyohiyo.

Lakini kisa kinachotugusa zaidi ni cha Hass. Parachichi hili sasa ni mali kubwa Njombe, Rungwe na Murang'a, na nchi zetu zinalisafirisha nje kwa makontena. Aliyelipatia jina, Rudolph Hass, alikuwa tarishi wa posta huko California, akaotesha mche uliokataa kufanana na mingine, akausajili hataza mwaka 1935. Familia yake imesema kwamba jina lao lina a fupi, kama Mmarekani anavyotamka pass, neno la kufaulu mtihani. Wauzaji wengi duniani wanalivuta na kusema "haas". Sasa mkulima wa Rungwe anasema hasi: a fupi, s moja, i ya kufungia. Ukiweka pembeni ile i, mkulima huyu yuko karibu na familia ya Hass kuliko mtaalamu anayekuja na gari kumfundisha kulivuta. Nimeona mkulima akipunguza sauti alipofika kwenye neno hilo mbele ya wageni, mtu mwenye miti mia kadhaa, anayejua kila mti ulivyozaa, na ikaniuma. Aina ya Fuerte haina shida hiyo. Ni neno la Kihispania lenye maana ya imara, jina ambalo mti huo ulilistahili pale ulipohimili baridi kali ya California mwaka 1913, na Kihispania, kama Kiswahili, husoma irabu zake zilivyoandikwa.

Katika hili wanasayansi wametutendea vizuri kuliko wafanyabiashara. Mpe msomaji wa Kiswahili maneno Mangifera indica au Persea americana, majina ya kisayansi ya embe na parachichi, atayasoma moja kwa moja, karibu kabisa na inavyotakiwa. Kiingereza ndicho kinachomwambia aandike hivi na aseme vile.

Kuna watakaosema ninakuza jambo dogo, kwamba mtu akishindwa kutamka atanyoosha kidole, atalipa, ataondoka. Kwa chakula haiishii hapo. Asiyeweza kutaja jina la mboga hawezi kuuliza inapikwaje, inakaa siku ngapi bila friji, inamfaa nani, wala kumsimulia jirani. Hawezi kumtuma mtoto dukani. Mboga isiyotajika nyumbani haipikwi nyumbani, inabaki ya hotelini na ya wageni. Angalia chainizi. Jina lake ni Kiingereza cha "ya Kichina" tu, lilikuja likiwa nusu, lakini lilikuja kwa mdomo, kutoka shambani na gengeni. Leo fungu la chainizi liko Mbagala, liko Mwanza, linapikwa na nyanya na kitunguu na ugali pembeni, na hakuna anayefikiria kwamba neno hilo ni geni. Brokoli haijafika huko. Bei ina sehemu yake, sikatai. Lakini chainizi haikuwahi kumtisha mtu kwa jina.

Mkulima wa mazao ya nje naye anaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Huko Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, wapo Wakamba wanaolima mboga za walaji wenye asili ya India: karela, ravaya, dudi. Majina hayo yanawatoka bila kigugumizi, kwa sababu yalifika kwa dalali aliyekuja shambani na kusema anataka nini. Huko Mwea, maharage yale mabichi membamba yanayopelekwa Ulaya yanaitwa mishiri, na mtu anayaelewa vizuri kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Watu hawa wanauza duniani kwa majina yaliyokaa vinywani mwao.

Upo upinzani mmoja ninaouheshimu. Kila soko likijitamkia lake, tutaelewana vipi? Tatizo ni la kweli. Mtanzania akisema ndimu ana maana ya lile dogo la kijani lenye ganda jembamba, na lile kubwa la njano ni limau. Wakenya wengi huyaita yote ndimu. Mpishi wa Mombasa akimwagiza mzigo muuzaji wa Tanga, mmoja wao anaweza kukasirika. Pasheni la Tanzania, ambalo kwenye vitabu vya kilimo utalikuta pia kama karakara, sehemu nyingi za Kenya ni matunda tu, kana kwamba mengine si matunda, na ukivuka kwenda Burundi, Rwanda au Kongo ni marakuja, neno la Watupi wale wale waliotupa nanasi, safari hii kupitia kwa wasemaji wa Kifaransa. Hapo Baraza la Kiswahili la Tanzania, ambalo liko tangu mwaka 1967, na mwenzake wa Zanzibar, pamoja na wataalamu wa Kiswahili wa Kenya, wana kazi ya kufanya. Ila tuone vizuri kazi yenyewe ni ipi. Ni kukubaliana jina lipi ni la tunda lipi. Kumpima mtu kwa lafudhi ya Kiingereza hakusaidii chochote katika hilo. Anayetamka neno la Kiingereza kwa lafudhi ya London bado hajamwambia Mtanga kama anataka ndimu au limau.

Upo pia upinzani wa heshima: je, kutamka jina la watu wengine tunavyotaka sisi si dharau? Kwa jina la mtu, ndiyo. Jina la mtu lina mwenyewe, na mwenyewe akikusahihisha unamsikiliza. Ndiyo sababu naona familia ya Hass ina haki ya kusema a yao ni fupi. Tunda halina mwenyewe wa namna hiyo. Na mhudumu wa hoteli anayehudumia watalii anatakiwa kweli kujua kwamba mboga moja ina jina la Kimarekani na jina la Kiingereza, kama anavyojua chumba cha vitanda viwili na cha kitanda kimoja. Huo ni ujuzi wa kazi, unafundishika wiki moja. Haumhusu mama anayenunua mboga ya chakula cha jioni.

Kwa hiyo lawama yangu iko kwa wanaoandika. Pakiti za mbegu, vibandiko vya bei, mabango ya dukani, vipeperushi vya mafunzo ya kilimo: hivi ndivyo vinavyomfikishia mtu jina jipya leo, na vingi vinaliacha katika tahajia ya kwao. Kuandika zukini, brokoli, koliflawa, seleri, letasi, stroberi kwa herufi kubwa, na jina la aina kando yake kwa herufi ndogo, hakuhitaji bajeti wala kamati. Palipo na neno hai, litumike: parachichi lisibadilishwe kuwa avokado kwenye kibandiko cha Dar es Salaam ati kwa sababu limefungwa kwenye trei ya plastiki. Na wanaotunga istilahi wasitupe maneno yaliyozaliwa mezani. Darasani tunafundisha tufaha, sokoni linauzwa epo, na sijawahi kuona sababu ya kumkemea muuzaji kwa hilo. Maneno hayo mawili yanaweza kuishi pamoja mpaka watumiaji wachague, kama kotimiri na dania zinavyoishi, moja Tanzania na nyingine Kenya, zote zikiwa zimetoka India.

Shule nazo zinahusika. Katika shule nyingi zinazofundisha kwa Kiingereza, mtoto anaadhibiwa akisema Kiswahili uwanjani. Mtoto huyo akikua, kila neno lenye sura ya kigeni litakuwa kwake mtego wa kukamatwa. Hofu ya mbele ya jokofu la supamaketi imelelewa hapo, miaka ishirini kabla.

Sasa hivi kuna jina lililo wazi. Lile tunda la mdungusi kakati, jekundu nje na magamba yake, jeupe au la zambarau ndani, limeanza kupandwa Kenya na Tanzania, na miche inauzwa mitandaoni. Wengine wanaliita dragoni, wengine tunda la joka, na kwenye pakiti kuna pitaya. Mimi ningechagua pitaya: silabi zake tatu zinakaa zenyewe kwenye ulimi wa Kiswahili, na mpitaya unasikika kama mti uliokuwepo siku zote. Lakini ningependa zaidi watu wa istilahi waende kwenye masoko ya Kisutu na Marikiti msimu ujao, wasimame karibu na meza, wasikie wanunuzi wanaomba nini, waandike hilo.